Mkanda Mwekundu wa Clementine

Claudette Rainville aliacha kumwamini mumewe siku aliyomkuta jikoni anasoma karatasi iliyokuja na dawa. Norm hakuwa msomaji. Tangu waoane alikuwa amesoma utabiri wa hali ya hewa, matangazo ya matrekta makuukuu na, mara moja tu, maelekezo ya mashine mpya ya kukamulia, ambayo aliyatupa kabla hajafika katikati. Sasa alikuwa amesimama kando ya sinki, miwani imeteremka puani, anapitia madhara ya antibiotiki ya mkewe huku midomo ikimchezacheza.

"Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu. Karatasi ilitaka kuanguka."

"Ilitaka kuanguka."

"Ee. Nikaidaka."

Akaikunja, akairudisha kwenye boksi, akatoka kwenda bandani bila kofia, na nje theluji inaanguka. Mtu asiye na lake jambo hasahau kofia Vermont mwezi wa Machi. Claudette akamsindikiza kwa macho dirishani mpaka mlango wa banda ulipofungwa. Kuna namna, akajiambia. Wameshampata.

Hao waliompata, kwa mawazo yake, walikuwa Daktari Esther Wilcox wa zahanati ya mjini na watu wa bima, ambao Claudette hakuwahi kuwatia machoni lakini alikuwa akiwasema kila siku utadhani ni majirani. Wote walitaka kitu kimoja: aache dawa. Naye alikuwa ameapa kwamba haachi mpaka apone, na kuapa kwa Claudette si mchezo. Aliwahi kuapa kutozungumza na wifi yake, na wifi alizikwa bila kusikia sauti yake tena.

Lakini tusimcheke haraka, maana mwanzoni haki ilikuwa yake. Kiangazi cha mwaka juzi alikuwa akirekebisha uzio kandokando ya msitu, akaumwa na kupe mdogo kuliko punje ya ulezi. Duara jekundu likatokea pajani. Daktari Wilcox alikuwa likizo, na kijana aliyeshika nafasi yake akatazama lile duara akasema ni buibui. Homa ilipokuja, na magoti yakaanza kugoma, kijana akatabasamu akamwambia ni umri, mwili wa mwanamke hubadilika. Wilcox aliporudi na kumpima damu, goti moja lilikuwa limejaa maji. Ugonjwa wa Lyme, unaotokana na bakteria waletwao na kupe. Wilcox akampa antibiotiki za kutosha, uvimbe ukashuka, homa ikakatika. Uchovu haukukatika. Kulikuwa na asubuhi ambazo Claudette hakuweza kuinua kikombe bila mkono wa pili kusaidia.

"Bakteria wamekwisha," Wilcox alimwambia. "Haya ni mabaki ya ugonjwa. Yatachukua muda."

Claudette hakuyasikia hayo. Alimsikia yule kijana wa buibui amerudi, safari hii kavaa sketi.

Ndipo Winnie Tatro, aliyekuwa akiendesha basi la shule na mwenyewe akiumwa miaka mingi, alipomchukua kwenye kikundi chao kilichokutana kwenye chumba cha chini ya kanisa. Kulikuwa na kahawa nyepesi na donati za sukari, na kila aliyeketi pale alikuwa amewahi kuambiwa ni umri, ni mawazo, ni uvivu. Claudette alilia siku ya kwanza kwa jinsi walivyomwamini. Wakamfundisha kanuni yao: ukizidiwa baada ya kunywa dawa, furahi, ni wadudu wanakufa na sumu yao inatoka. Na Winnie akampeleka kwa Daktari Lansing, ng'ambo ya ziwa, upande wa New York, mtu mpole mwenye masikio ya kusikiliza. Lansing akampa vidonge, kisha vidonge vingine, na mwishowe akaamuru awekewe mrija.

Huo mrija ulikuwa mwembamba, uliingia juu ya kiwiko cha mkono wa kulia ukapita ndani ya mshipa hadi karibu na moyo. Kila asubuhi Norm aliuning'iniza mfuko wa dawa kwenye ndoano ya taa juu ya meza ya jikoni, na Claudette akaketi chini yake. Kwa sababu ya mrija alikatazwa kuingia bandani, kwenye vumbi na mavi, yeye aliyekamua ng'ombe tangu hajaota meno ya pili. Na kwa sababu Norm ndiye aliyeushika mfuko, Claudette alilisoma jina lake kabla haujaning'inizwa, akauminya, akautazama kwenye mwanga. Alikuwa na hakika kwamba ipo siku mume wake atamtilia maji ya chumvi matupu.

Kabla ya theluji ya kwanza kuanguka alihara mpaka akalazwa. Wilcox alimjia kitandani akamweleza waziwazi: dawa zimeua bakteria wema wa tumbo, wabaya wametawala, na watu hufa na hali hii. Saa moja baadaye Winnie akaingia na maua, akamshika mkono.

"Wanakufa hao, dada," Winnie alisema. "Kaza moyo. Ukiona hivi ujue umewapata penyewe."

Na Claudette, mifupa mitupu chini ya shuka, akatabasamu kwa fahari. Hapo hata mtu mwenye subira angetamani kupiga ukuta ngumi. Alipotoka hospitali Lansing alimpumzisha kidogo tu, kisha mfuko ukarudi kwenye ndoano.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku karatasi ilipotaka kuanguka. Wiki hiyohiyo mrija ukaziba. Muuguzi wa Wilcox alijaribu kuuzibua akashindwa, na Wilcox akasema lazima utolewe Alhamisi.

"Mwingine sikuwekei," alisema. "Ukiutaka, hilo ni lako na Lansing."

Ofisi ya Lansing ikapiga simu: aje Ijumaa, watauweka mkono wa kushoto. Kwa hiyo Claudette alikuwa na siku chache za kuamua, auweke mwingine au yaishie hapo. Akiacha, aliogopa wadudu watarudi na safari hii wamle ubongo. Akiendelea, kulikuwa na tumbo lile, na kitanda kile.

"Pengine tupumzike kidogo," Norm alisema mezani, akiongea na viazi vyake.

"Tupumzike nani? Wewe unaumwa wapi?"

"Nasema tu."

"Nani kakuambia useme?"

Norm akala viazi.

Jumatano alfajiri Norm aliteleza kwenye barafu mbele ya banda, kifundo cha mguu kikaumuka. Ng'ombe hawajui kusubiri, na kijana wao alikuwa mbali, chuoni. Claudette akavuta mfuko wa plastiki wa mkate juu ya mkono wenye mrija, akaukaza kwa mpira, akavaa buti. Norm alimwita kutoka kwenye kiti asiende. Akaenda.

Hakuwa ameingia mle tangu majani ya mwisho kukatwa. Joto la ng'ombe likampiga usoni na akasimama kidogo mlangoni. Kisha akaanza kazi, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa Clementine, ng'ombe aliyemlea kwa chupa mwenyewe. Clementine alikuwa na mkanda mwekundu mguuni.

Kila mfugaji kule anaujua mkanda ule. Ng'ombe akitiwa dawa anafungwa mkanda, ili aliyekuja kukamua asije akasahau akayaachia maziwa yake kwenye tangi. Tone lake likiingia, dereva wa lori atalikamata kwenye kipimo na maziwa yote yatamwagwa, yako na ya majirani. Lakini mkanda ni wa siku chache. Huu wa Clementine ulikuwa umechakaa, nyuzi zimefumuka, mavi yamekauka juu yake tabaka kwa tabaka.

Claudette akachuchumaa akashika kiwele. Sehemu ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa ngumu, lakini haina joto. Akakamulia kidogo kwenye kisahani cheusi, akatia maji ya kupimia, yanayogandisha maziwa kiwele kikiwa na ugonjwa, akazungusha. Hakuna kilichoganda. Akazungusha tena, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini mara moja. Maziwa yalitiririka mepesi, safi.

"Norm!"

Norm akaja anachechemea, ameegemea sepetu.

"Huyu umemtia dawa mara ya mwisho lini?"

"Jana."

"Tangu lini?"

Norm akakuna shingo. "Tangu tulipokata majani."

"Tangu kiangazi! Umerogwa?"

"Kila nikiacha, nikishika pale, naona bado pagumu. Nasema labda kajificha."

"Nani kajificha?"

"Mdudu."

"Mdudu gani, we mwanamume! Lete mkono. Shika hapa. Pana moto? Hapana. Tazama maziwa, yanaganda? Hayagandi. Mdudu alishakufa siku nyingi. Hili ni kovu. Unatibu kovu! Utamjaza dawa mpaka umuue, na hapa patabaki pagumu vilevile. Hata mtu aliyezaliwa mjini angejua kwamba..."

Hakumaliza. Mashine ziliendelea kuvuta na kuachia. Norm alikuwa akitazama sepetu kwa makini sana.

Claudette akasimama polepole, kisahani bado mkononi.

"Umelipanga hili," alisema.

"Lipi?"

"Umejiangusha makusudi. Umemwacha huyu ng'ombe na mkanda ili nimkute. Wilcox kakufundisha."

"Claudette, mguu wangu umevimba hauingii kwenye kiatu."

"Wapo waliofanya makubwa zaidi ya hayo."

"Mimi nimewahi kupanga kitu kikafaulu lini?"

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkata Claudette makali kidogo. Norm akaegemea ukuta. Alikuwa mtu wa maneno machache na yale aliyoyatoa sasa yalimtoka kwa shida.

"Ile karatasi niliisoma kwa sababu naogopa. Ukiendelea, naogopa. Ukiacha, naogopa. Usiku nakusikiliza kama unapumua. Halafu na huyu nikaanza kumwogopa. Nikimkata mkanda akaumwa, si nitakuwa mimi niliyemuua? Zamani sikuwa hivi. Tumekuwa hivi, mke wangu. Wote wawili."

Claudette akarudi kwa ng'ombe. Alimaliza kukamua, mfuko wa mkate ukichakarika mkononi, akamwaga maziwa ya Clementine kwenye mfereji. Mlangoni akageuka.

"Usimtie tena. Mkanda uache mpaka dawa imtoke. Kisha kata."

Mchana akampigia simu Daktari Lansing. Alikuwa na swali ambalo hakuwahi kumuuliza, na alishangaa kwa nini hakuwahi.

"Daktari, nikwambie nini ndipo uniambie niache dawa?"

"Swali zuri," alisema Lansing kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Miezi miwili bila dalili yoyote."

"Yoyote? Hata uchovu? Hata goti?"

"Yoyote."

"Daktari, nakaribia miaka sitini na nakamua ng'ombe. Hata kabla ya kupe sikuwahi kumaliza wiki sijaumwa mahali."

Lansing akacheka kwa wema. "Ndiyo maana hatuna haraka."

"Na nikizidi kuumwa?"

"Ina maana dawa inafanya kazi."

"Na nikikaa vilevile?"

"Tunabadilisha dawa."

Dirishani Claudette alimwona Norm anavuka uwanja kwa mguu mmoja na nusu, bila kofia.

"Kwa hiyo hakuna," alisema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna ninachoweza kukuambia."

Lansing akauliza, na wema ulikuwa umepungua, "Claudette, umeongea na nani?"

Alilijua swali lile. Yeye mwenyewe alikuwa amemrushia Norm mezani, kwenye viazi. Akaaga kwa adabu akakata simu, hasira imempanda. Lansing hakuwa tapeli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana tapeli mtu humtukana, yakaisha. Yule mtu aliamini kila neno alilosema, na angeendelea kuamini, kwa upole uleule, mpaka siku ya kumzika.

Alhamisi akaenda kwa Wilcox, lakini msidhani alienda amelainika. Alienda kumkamata na yeye. Kama kila daktari ana jibu lisilokosea, alitaka kulisikia la huyu, alichanechane mbele yake, arudi nyumbani asimwamini mtu yeyote kabisa.

Wilcox alikuwa anabandua plasta mkononi mwake taratibu.

"Nikiacha," Claudette alisema, "halafu nikaamka ninaumwa. Nitajuaje ni mabaki au wamerudi?"

"Siku hiyo hutajua," alisema Wilcox. "Na mimi sitajua."

Claudette alikuwa ameshafungua mdomo kubisha. Akaufunga.

"Ukipata homa," Wilcox aliendelea, "au goti likavimba na kuwa la moto, au uso ukalegea upande mmoja, njoo siku hiyohiyo. Nitakupima na sitabishana na wewe. Maumivu yasiyo na hayo ni ya kweli, sisemi unayazua. Ila dawa hii haiyagusi. Tutayahangaikia kwa njia nyingine, na yanaweza kukaa sana."

"Sana kiasi gani?"

"Sijui."

"Yule mwenzako wa buibui alijua."

Wilcox akaacha plasta, akaketi. "Alikosea. Alikukosea wewe, na mimi sikuwahi kukuambia hivyo waziwazi kwa sababu nilikuwa nikimsitiri mwenzangu. Nakuambia leo."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

Claudette alimtazama usoni akitafuta pa kushika, na hakupata. Muda wote huo alikuwa amengoja mtu amwambie neno lile, na sasa limesemwa machozi yakamjia, akakasirika nayo, akageukia ukutani.

"Vuta," alisema.

Mrija ukatoka bila maumivu, mrefu kuliko alivyodhani. Kwenye gari Norm, akiendesha kwa mguu ule mzima, akakohoa.

"Na wewe sasa hatukuweki kwenye tangi mpaka dawa zikutoke."

Claudette akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwambia atazame barabara.

Ijumaa hakwenda ng'ambo ya ziwa. Jumamosi Winnie akaja na donati, hakuvua koti.

"Wamekupa nini ili uache?" aliuliza.

"Hawajanipa kitu, Winnie."

"Utarudi unatambaa. Nimewaona wengi. Wanaacha, wanapata nafuu wiki mbili tatu, halafu chali. Usiseme sikukuambia."

"Labda. Kaa basi, tunywe kahawa."

"Siwezi kukaa na kuangalia," alisema Winnie, na sauti ikamkatika. Akaacha donati mezani akaondoka. Winnie ndiye aliyemshika mkono hospitalini, ndiye wa kwanza kumwamini. Claudette alijua kwamba anayempoteza si mjinga wala adui, na kwa siku nyingi jambo hilo lilimuuma kuliko goti.

Tope la Machi likakauka. Norm akaukata mkanda wa Clementine kwa kisu cha mfukoni, na Clementine akawa anakamuliwa chuchu tatu na kuachwa ile ya nne. Claudette akarudi bandani, nusu siku kwanza. Kulikuwa na asubuhi nzuri, nazo alizishuku. Kulikuwa na mbaya, nazo alizishuku zaidi. Chupa ya vidonge vya zamani ilikuwa bado kabatini nyuma ya unga, na Norm alijua ipo, na Claudette alijua kwamba anajua.

Kisha ikaja asubuhi aliyokuwa akiiogopa. Aliamka na goti linamuuma vilevile kama mwanzo kabisa, maumivu yaleyale, mahali palepale. Akalala akitazama dari. Haya, wamerudi. Winnie alisema. Akashuka jikoni, akafungua kabati, akausogeza unga, akaishika chupa. Akakaa nayo mkononi. Halafu akaitia mfukoni akaenda bandani.

Norm aliona jinsi anavyotembea, akaweka ndoo chini.

"Linauma?"

"Linauma."

"Nimpigie Wilcox?"

"Sijui. Nimelishikashika mwenyewe mpaka siwezi kutofautisha chochote." Akaketi kwenye kigoda akapandisha suruali mpaka juu ya magoti. "Shika wewe."

Norm akajifuta mikono kwenye ovaroli. Akapiga magoti kwenye majani, akaweka kiganja kimoja kwenye goti linalouma na kingine kwenye zima, akafumba macho kama alivyozoea kufanya kwenye kiwele. Alikaa hivyo kitambo. Akabadilisha mikono, akapapasa tena.

"Hayajapishana," alisema. "Halijavimba. Halina joto."

Claudette akamwinamia, akamtazama usoni kwa jicho lile lililokuwa likisoma majina ya mifuko kwenye mwanga.

"Una hakika, au unataka tu iwe hivyo?"

"Nataka iwe hivyo," alisema Norm. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka. "Nataka mno. Na halina joto."

Claudette aliendelea kumtazama. Alitafuta kila pembe ya ule uso aliolala nao ndoa nzima, na hakuona kitu kilichojificha isipokuwa hofu, na hata hiyo haikujificha. Akateremsha suruali. Akatoa chupa mfukoni akamwekea kiganjani.

"Haya, kazitupe," alisema. "Na uvae kofia."